Habari ya Rashidi, Kutoka Kongo Hadi Moa

Wengi wenu mmeniuliza swali moja kwa maneno tofauti: ni kweli Stazia ameolewa Moa? Wengine mmenipa hongera, wengine pole, na mmoja wenu, namjua, ameuliza kama bado naruhusiwa kula kitimoto. Sijaolewa. Picha mliyoiona, ile nimefunikwa leso mpya, yaani kanga, huku wanawake wananipigia vigelegele, ni ya kweli. Maelezo yake ndiyo si ya kweli. Nimechoka kuwajibu mmoja mmoja, kwa hiyo nayaandika yote hapa tangu nilipotoka Kongo. Habari za viza na tiketi nimeziruka, hizo mnazijua.

Kongo hadi Kigali

Kwa wasiomjua Rashidi: ni mpigapicha mwenzangu, mzaliwa wa Moa, kule pwani ya Tanga, na kwa miaka kadhaa tumekuwa tukitumwa pamoja mashariki ya Kongo kupiga picha za vita. Watu wakisikia kazi hiyo hudhani siku nzima ni risasi. Siku nzima ni kusubiri. Unasubiri dereva. Unasubiri askari wa kizuizi cha barabarani amalize sigara yake akuruhusu kupita. Unasubiri mtandao urudi utume picha. Katikati ya kusubiri kote huko ndipo linapotokea jambo la dakika chache ambalo ukilikosa umekwenda bure, na ukilipata huenda usirudi.

Siku ile watu walikuwa wanakimbia mji, magodoro vichwani, mbuzi kwa kamba. Kombora likaanguka kando ya barabara. Mimi lilinipasulia ngoma ya sikio la kulia, na la kushoto likabaki likivuma kama friji bovu. Rashidi aliumia mguu, na madaktari wakaukata juu kidogo ya goti. Alipopata nafuu ya kusafiri akapandishwa ndege kwenda hospitali Dar es Salaam. Mimi daktari alinikataza ndege mpaka sikio lipone, basi nikarudi kwa barabara.

Kabla sijaondoka Rashidi alinitumia ujumbe: "Mama anajua nimeumia kidogo tu. Pita Moa umwambie. Kwa simu nimejaribu, sauti haitoki. Na sitaki aambiwe na watu wa njiani. Mwambie wewe, ana kwa ana."

Dereva wetu, Furaha, Mkongo mlokole asiyewasha gari bila kuomba, alinifikisha Kigali. Tuliagana stendi. Akaniombea kwa sauti kubwa sana, abiria wakageuka, nami nikasikia neno moja moja tu: ulinzi, barabara, amina.

Kigali hadi Dodoma

Basi lilikuwa zuri. Aliyekuwa mbovu ni mimi. Sikuweza kukaa. Kila tairi lilipopita kwenye tuta, mkono ulikwenda kwenye kamera iliyoning'inia kifuani, na macho yakatafuta mlango. Jirani yangu, mama wa Kahama mwenye kikapu cha vifaranga, alinivumilia mpaka Nyakanazi, kisha akahamia kiti cha nyuma na vifaranga vyake.

Tulipopita Nzega konda akatangaza kuchimba dawa, basi likasimama porini, wanaume kushoto, wanawake kulia. Wote wakaingia vichakani wakicheka. Mimi nikabaki pembeni ya lami. Kule tulikotoka unafundishwa usikanyage pasipokanyagwa, maana ardhini kuna vitu vimezikwa. Nilijua hapa ni Tanzania, kwamba hakuna kitu chini ya nyasi zile zaidi ya siafu. Miguu haikujua. Nikasubiri mwanamke mmoja apite, nikaingia nikikanyaga nyayo zake moja baada ya nyingine, polepole, hadi nilipofika nilipokuwa nakwenda.

Nilipotoka, basi lilikuwa mbali, dogo kama kiberiti. Baadaye konda aliapa kwamba walipiga honi sana. Walipiga upande wa sikio lisilosikia.

Nilichukuliwa na lori la vitunguu. Dereva alikuwa mtu mzima mwenye kofia ya sufi, na kwa kuwa usukani uko kulia, alikaa upande wangu mbovu. Alianza kuongea kabla hatujafika Singida, na hakunyamaza. Injini inanguruma, sikio halisikii, nami nimechoka kusema "eti nini?" Nikaamua kufanya kama wafanyavyo viziwi wenye haya. Nikaitikia kwa kichwa. Akicheka nacheka. Akitikisa kichwa nasema, "Pole, kaka." Akipiga usukani kwa kiganja nasema, "Kabisa."

Aliponishusha Dodoma alikuwa na machozi. Akanipa fungu la vitunguu, akaja upande wa kushoto kunipa mkono, ndipo nikamsikia vizuri kwa mara ya kwanza. "Mke wangu hajawahi kunielewa namna hii," akasema. "Nikifika nitafanya hivyohivyo ulivyoniambia."

Mpaka leo sijui nilimwambia nini. Kama kuna mwanamke huko ameachwa au ameongezewa mwenzake kwa ushauri wangu, anisamehe.

Begi langu la nguo nililikuta kwa wakala wa basi Dodoma, salama.

Muheza

Mama yangu anakaa palepale kwenye nyumba za zamani za shamba la mkonge, alikoletwa babu kutoka Songea enzi za manamba. Alinipokea mlangoni kwa "Tumsifu Yesu Kristo," na kabla sijaitika "Milele amina" alikwisha kunigeuza kichwa atazame sikio, kama mtu anayekagua papai.

Alinipikia ugali na kisamvu cha nazi, akanimenyea machungwa, akanitandikia. Nikashindwa kulala mchana, nikashindwa kukaa. Nilizunguka uani. Nilihamisha kigoda ili mgongo uelekee ukuta. Bodaboda ikipita barabarani nasimama.

"Keti, Stazia," mama akasema. "Hata kuku wanakutazama wewe, hawali."

Nikiwa Muheza ndipo mkuu wetu wa picha aliponiandikia. Aliuliza sikio linaendeleaje, akasema kwamba likiwa tayari kuna safari ya Sudan. Mama aliona uso wangu nikisoma.

"Wanakuita?"

"Wananiuliza hali, mama."

"Mtu anayeuliza hali hamfanyi mwenzake asimame." Akaendelea kumenya chungwa, ganda likashuka refu bila kukatika. "Utakwenda?"

Nikamwambia lazima niwahi Moa. Akanifungia kiroba cha machungwa kwa ajili ya mama yake Rashidi.

"Msibani huendi mikono mitupu," akasema.

"Siyo msiba, mama. Rashidi yu hai."

"Mguu ni nusu ya msiba. Chukua."

Tanga hadi Moa

Tanga sikukaa. Nilishuka stendi ya Kange, nikanywa chai ya rangi nimesimama, nikapanda gari la kwenda Horohoro, nikashushwa njia panda ya Moa. Hapo nikachukua bodaboda. Kijana wa watu aliitwa Hamza, ana mke na watoto wawili, haya aliniambia tulipokuwa bado tumesimama. Akauliza nakwenda kwa nani. Nikasema kwa Bi Mwanakombo, mama yake Rashidi mpigapicha.

"Alaa!" Akanitazama juu mpaka chini, akatabasamu, akafunga kiroba changu kwa mpira.

Njia inapita minazi na mikorosho, kisha mashamba ya chumvi yanayong'aa mpaka unafumba macho. Upepo ulikuwa mkali. Nilikuwa najipangia maneno. Mama, Rashidi anakusalimu. Mama, Rashidi yu hai, lakini. Kila nilipofika kwenye "lakini" nilianza upya. Hamza aligeuza shingo akaniuliza kitu. Nikasema ndiyo. Akauliza kingine. Nikasema ndiyo, inshallah, maana mdomo wake ulikuwa na umbo la inshallah. Akapiga simu huku anaendesha, akawa anaongea Kidigo kwa furaha, nami nikaona ni mtu mchangamfu tu.

Nimekwisha kuwaambia kwamba kuitikia nisichosikia kulinitia mashakani Singida. Lakini nilikuwa sijajifunza.

Moa

Nilipigiwa vigelegele kabla sijashuka kwenye pikipiki. Uani palikuwa pamejaa wanawake. Mmoja, Zuhura, dada yake Rashidi, alinifunika leso mpya begani na kunipiga picha hapohapo. Ndiyo ile mliyoiona, aliyoiweka na maneno "Wifi yetu kafika." Mimi nilidhani wanashangilia kwamba ndugu yao yu hai na ameleta mjumbe. Nikafurahi nao.

Bi Mwanakombo ni mwanamke mwembamba, mrefu kama mwanawe, mwenye macho yaleyale ya kupima mwanga. Nikapiga goti. "Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu, marahaba." Akaniinua, akaniketisha mkekani, naye akaketi kulia kwangu, karibu kabisa, ule upande usiosikia. Wanawake wakawa wanaongea wote kwa pamoja. Akanishika mkono, akaniuliza jambo kwa sauti ya chini, nami nikanasa mwisho wake tu: "...zima?"

Nikaitikia kwa kichwa. Yu mzima, ndiyo.

Akafunika uso kwa mtandio. Mabega yakamtikisika, akawa anamshukuru Mungu. Zuhura aliniambia baadaye alichokuwa ameuliza: "Viungo vyake vyote vizima?"

Chakula kikaja. Wali wa nazi, changu wa kupaka, chukuchuku ya samaki yenye ndimu na pilipili, na mkate wa kumimina uliokuwa bado wa moto. Mjomba wake Rashidi, Mzee Bakari, aliketi mbele yangu na kofia yake nyeupe, akanawa, akala matonge mawili, kisha akaanza mahojiano.

"Wazazi wako wana habari?"

"Wanayo, baba. Mama analia tu."

"Kwa ajili ya dini?"

Nilisikia "kazini". Mtu analilia nini kama si mambo ya kazini? "Ndiyo, baba. Anataka niache."

Akatua tonge. "Na mwenyewe je?"

"Nimeanza kufikiria kuacha."

"Alhamdulillahi!" Wanawake wakaitikia, vigelegele vikapanda tena, na kipande kikubwa cha samaki kikawekwa upande wangu wa sinia. Nikasema moyoni, watu hawa wanajali sana usalama wa waandishi wa habari.

Ni Zuhura aliyenizindua. Alikuja kuketi kushoto, akaniegemea, na kwa sikio lile zima nikamsikia wazi kabisa: "Wifi, ukishasilimu utachagua jina gani? Mimi napenda Salma."

Mkono wangu ukabaki hewani na wali. Nikatazama leso begani. Nikamtazama Mzee Bakari, anavyotabasamu. Nikamtazama Bi Mwanakombo, uso umemng'aa, anamwagiza mtu akamate jogoo. Kila kitu kikajipanga kichwani kwa mara moja. Nikafungua kinywa.

Ndipo baruti ikalia baharini.

Kuna watu huko bado wanavua kwa baruti, kwa wizi, na wenyeji wanawalaani kwa kuua matumbawe. Mlio ule mimi sikuusikia. Uliingia kwa tumbo, kutoka ardhini. Nilipojitambua nilikuwa nimelala kifudifudi kwenye mkeka, mikono imefunika kichwa, sinia limepinduka, mchuzi unanitiririka shingoni. Watoto walicheka. Kisha wakanyamazishwa.

Mtu akalala kando yangu mkekani. Alikuwa Bi Mwanakombo. Alilaza shavu lake chini kama nilivyolaza langu, safari hii upande wa kushoto.

"Ni wavuvi hao, mwanangu. Washenzi wa baruti. Hakuna kitu."

Nikasema najua. Sikuweza kuinuka.

"Na Rashidi? Naye akisikia kishindo huanguka hivi?"

"Mama," nikasema, "siku ile Rashidi hakuanguka. Mimi niliwahi mtaroni. Yeye alikuwa amesimama anapiga picha. Kulikuwa na mama mmoja na mtoto mgongoni katikati ya barabara, na Rashidi alikuwa anawapungia mkono wapite, na anapiga picha, vyote kwa pamoja. Hakuwahi."

Alinitazama. Nyuso zetu zilikuwa karibu kiasi kwamba niliona mboni zinavyopungua.

"Ameumia wapi?"

"Mguu, mama. Wa kulia."

"Mguu umekwenda wapi?"

Aliuliza hivyo hasa. Aliruka yale ya "umevunjika" na "utapona". Nikamwambia madaktari waliukata, kwamba wasingeukata angekufa, kwamba nilikuwepo na nilitia sahihi mimi kwa sababu hapakuwa na ndugu mwingine. Nikamwambia mimi si mchumba wa mtu. Mimi ni mwenzake kazini, niliyetumwa kumwambia maneno haya, na nimekula wali wake kabla ya kuyasema kwa sababu sikio langu limekufa na nilikuwa naitikia nisichokijua.

Hakulia. Aliinuka, akanisaidia kuinuka, akanifuta mchuzi kwa ile leso mpya. Mzee Bakari alikuwa amevua kofia na kuishika mapajani.

"Nani aliuzika?" Bi Mwanakombo akauliza.

"Nini, mama?"

"Mguu wa mwanangu. Kiungo cha mtu huzikwa. Waliutupa?"

Hili sikuwa nimelipanga kulisema, na hata Rashidi sijamwambia. "Niliuzika mimi," nikasema. "Muuguzi alitaka kuupeleka shimo la taka za hospitali. Nikakumbuka Rashidi ni Mwislamu, nikaona haifai. Tukauviringisha kwa shuka nyeupe, mimi na dereva wetu, tukachimba nyuma ya hospitali, chini ya mgomba."

"Mliuelekeza kibla?"

"Sikujua kibla ni wapi, mama. Nikamwuliza dereva. Lakini dereva naye ni mlokole."

Kitu kama kikohozi kikamtoka Bi Mwanakombo, na kumbe ni kicheko. Alicheka huku machozi sasa yanashuka, akanishika kichwa, akanikandamiza begani kwake, na wanawake wakaanza kulia wote, kilio cha kweli cha msiba, kile nilichokiogopa njia nzima.

"Mungu anajua kibla," akaniambia sikioni. "Hata kwa walokole."

Jogoo alichinjwa vilevile, akaliwa. Kabla ya magharibi Mzee Bakari alinijia, akakohoa kwa adabu. "Na ile habari yako ya kuacha?"

"Nilisikia 'kazini', baba. Nilidhani tunaongea kuhusu kazi."

Akafikiri. "Basi hiyo nayo ungeiacha," akasema, akaenda kuswali.

Moa hadi Tanga

Asubuhi Bi Mwanakombo alikuwa amevaa buibui, kikapu miguuni: mkate wa kumimina, samaki wa kukaanga, na machungwa ya mama yangu. Mzee Bakari alisema angoje kwanza, safari ipangwe. Dar ni mbali, dada yake hajawahi kuvuka Tanga mjini, na hospitali za huko ni kubwa, mtu anapotea.

"Mguu wa mwanangu umezikwa Kongo," akamjibu kaka yake, "mimi nishindwe kufika Dar?"

Hamza alitupeleka njia panda kwa awamu, kwanza Bi Mwanakombo na Zuhura wakibanana nyuma yake, kisha mimi. Aliniomba radhi njia nzima kwa ile simu yake. Nilimwambia kosa lilikuwa langu. Sijui alijibu nini.

Kange tulipata basi la Dar. Bi Mwanakombo alishika mkono wangu mpaka konda akapiga ubavu wa basi. Alinifunga ile leso kiunoni, ikiwa na doa la mchuzi, akapanda na Zuhura.

Muheza tena

Niliporudi kwa mama nilimwandikia mkuu wetu wa picha. Nilimwambia kwamba kazi hii inafanywa kwa masikio kabla ya macho. Unapaswa kusikia kombora linatoka wapi ili ujue pa kukimbilia, nami siku hizi sijui hata mtu ananiuliza nini. Siendi Sudan. Kama nitarudi, sijui. Alijibu kwa upole, akanitakia afya njema. "Usijali," akaandika, "nitamtafuta mwingine."

Nimeisoma sentensi ile mara nyingi uani kwa mama, nikizunguka. Huyo mwingine naye ana kwao. Nimeanza kufikiria ni nani kati yenu wapigapicha mnaosoma hapa, na ndiyo sababu nyingine ya kuandika yote haya.

Rashidi alinipigia siku ya pili jioni. Niliweka simu sikio la kushoto, nikaziba lile jingine kwa mazoea.

"Mama kafika," akasema.

"Amesemaje?"

"Hajasema." Sauti yake ilikuwa karibu sana, kama amelala na simu mdomoni. "Alikaa kitandani. Akafunua shuka, akatazama, akafunika. Nikajua sasa atalia. Akafunua upande wa pili. Akauliza: 'Huu uliobaki, nani anakukata kucha?' Nikamwambia hakuna."

Akashusha sauti.

"Ndiyo anazikata sasa hivi, Stazia. Ameuweka mguu mapajani, anakata kucha, na ameniambia nisitingishike."